Siku 21 haiko sheria ya kichwa

Hapa Goma banapenda kusema eti tabia inabadilika kwa siku 21, ukishindwa basi uko mutu wa bure. Hapana. Hiyo namba ilitoka kwa Maxwell Maltz, munganga wa Marekani mwenye alikuwa anatengeneza watu sura kwa operasyo, mu 1960 akaandika kama wagonjwa wake walihitaji angalau siku karibu 21 juu ya kuzoea sura mupya, kuzoea kioo tu, si kuacha pombe! Phillippa Lally, mutafiti, na wenzake wa London walipima mu 2009 siku ngapi tabia mupya inachukua mpaka ijifanye yenyewe: wastani siku 66, wengine 18, mwengine hesabu ikafika 254.

Angalia motari, mutu wa kuendesha pikipiki, mukono yake inakamata freni mbele ajue kama ameona shimo, haifikirie, na ile haiingii kwa kuhesabu siku, inaingia kwa kurudilia kitu mahali palepale, saa ileile. Na ukiruka siku moja, Lally na wenzake walikuta haiharibu sana.