Hakuna hina nyeusi

Kila Mfunguo Mosi ukikaribia, ombi ni lile lile: "Fundi, nipake ile hina nyeusi, mvi zisionekane harusini." Nikisema hina nyeusi haipo, naambiwa ipo, fulani kapakwa wiki iliyopita na imeshika vizuri. Nikisema aliyopakwa fulani ni piko, naambiwa: "Si ndiyo hiyo hiyo, piko si ni hina nyeusi?" Siyo hiyo hiyo. Leo naandika kwa urefu, maana wanaoumia zaidi kwa kosa hili ni kina mama watu wazima, wanaopaka kichwani mwezi baada ya mwezi.

Hina ni jani la mhina. Ndani ya jani mna losoni, na losoni rangi yake ni ya chungwa. Ikigusana na keratini (protini) ya ngozi au ya unywele inashika, halafu kwa siku mbili tatu hewa inaikoleza hadi wekundu wa kahawia. Kwenye viganja na nyayo, kwa kuwa ngozi ya hapo ni nene, hukaribia rangi ya buni iliyokaangwa. Hapo ndipo inapokomea. Hakuna ndimu, karafuu, chai wala dua itakayoifanya losoni iwe nyeusi kama wino kwa saa moja.

Piko ni unga wa rangi ya nywele unaouzwa dukani ndani ya kiboksi. Kinachoifanya iwe nyeusi ni parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Ulaya inaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, tena kwa nywele tu. Kuchorea ngozi hairuhusiwi kabisa. Huku kwetu fundi anachanganya kwa jicho, anajaza kwenye koni, anamchora mtu kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko. Wageni wanaochorwa ufukweni Nungwi na Paje wengine hurudi makwao na maua ya malengelenge mkononi, na huko wanaambiwa ni hina ya Zanzibar imewaunguza. Jina la hina linachafuka kwa kosa lisilo lake.

Kuzitofautisha si kazi kubwa. Hina ya kweli ukiitoa huanza na rangi ya chungwa, na kesho yake inakolea. Piko inatoka nyeusi pale pale. Hina inanuka majani makavu yaliyolowa, wakati piko inanuka dawa. Hina ya mikono inataka saa 6 hadi 8, kwa hiyo bibi harusi hulala nayo. Ukiambiwa "hii ya dakika 40 tu, bibie, na ni ya asili," inuka uondoke. Naijua sababu ya mafundi kuipenda: kwa muda wa hina moja wanamaliza wateja sita. Hilo neno "piko ya asili" tumelibuni sisi wenyewe mafundi, kwa ajili ya kuuza, na ni uongo.

Ila biashara peke yake haielezi kwa nini mama wa miaka 55 anaikimbilia piko. Jambo hili nimelifikiri sana. Unywele mweusi ukipakwa hina unabaki mweusi, na wekundu wake unauona juani tu, kwa sababu hina haichubui rangi iliyomo, inaongeza juu yake. Mvi ikipakwa hina inawaka kama ganda la chenza. Mtandio ukiteleza kidogo, kila mtu anajua hapa pana mvi. Hina inatangaza umri, piko inauficha. Basi anayeomba piko mara nyingi haombi weusi, anaomba asisemwe. Mume wake ndevu zikimtoka mvi anaitwa mtu mzima na anapewa nafasi ya mbele kwenye baraza. Yeye zikimtoka mapanjani anaambiwa amechakaa, na anayemwambia pengine ni wifi yake, mwenye mvi zake chini ya piko.

Halafu akijipamba waziwazi, hilo nalo ni kosa. Mjane ndani ya eda, miezi 4 na siku 10, hajipambi, na sababu yake inajulikana. Lakini eda imekwisha, mtu amekaa mwaka mzima, akipaka hina miguuni mtaa unauliza anamtaka nani. Wanaotoa hoja ya dini hapa nawaomba wairudie vizuri. Siku ya kufunguliwa Makka aliletwa Abu Quhafa, babake Sayyidna Abubakar, kichwa na ndevu nyeupe pe, na Mtume (S.A.W.) akaamuru zibadilishwe rangi, ila iepukwe nyeusi. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu uzito wa katazo hilo la weusi, na fatwa si kazi yangu. Ninachokiona ni kwamba mzee wa makamo yale aliambiwa atiwe rangi, na hakuna aliyemwambia zimempita. Sisi tumegeuza: rangi ya wazi tunamwonea haya mwanamke mzima, na ile nyeusi ya kificho tunamsukumia.

Sasa madhara. Mzio wa PPD kwa kawaida hauji mara ya kwanza, na hili ndilo linalowadanganya watu. "Nimepaka miaka kumi sijadhurika." Ndiyo, mwili unahesabu. Siku ukiamua kukataa, unakataa kwa maisha yote. Dalili huchelewa, kwa kawaida siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kupaka: kichwa kinawasha, kinatoa maji nyuma ya masikio, paji la uso linavimba, na asubuhi kope zimefumba, kwa sababu ngozi ya hapo ni laini na maji yanajikusanya kwa urahisi. Aliyewahi kuchorwa piko mkononi usichanani na akawashwa, akija kupaka kichwani ukubwani anaweza kudhurika vibaya, hata kama miaka 30 imepita. Ndiyo maana swali langu la kwanza ni, "Uliwahi kuwashwa na piko siku ya harusi yako?" Akisema ndiyo, hakuna mjadala.

Yakitokea, osha kwa maji mengi na sabuni isiyo kali. Usipake mafuta ya nazi, usipake ndimu, usifunike kwa hina "ipoze". Ulimi ukivimba, sauti ikibadilika, au pumzi ikibana, ni hospitali saa hiyo hiyo. Sudan, ambako PPD huchanganywa na hina ili iwahi kukoza, madaktari wameandika kwa miaka mingi habari za watu, wengi wao walioinywa, waliovimba koo hadi kutobolewa shingo wapate kupumua, na figo zilizosimama. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, usingoje kesho.

Wanaotaka piko huambiwa wajaribu kwanza: tone nyuma ya sikio, usubiri saa 48. Fanyeni, ni bora kuliko kutofanya. Lakini nina wasiwasi na kipimo hiki na sitauficha. Kupita leo si dhamana ya mwezi ujao, maana kila mpako ni nafasi mpya kwa mwili kugeuka. Na tone lenyewe ni PPD juu ya ngozi, kwa hiyo kipimo nacho kinaweza kuufundisha mwili mzio. Mimi simshauri mtu achukue kipimo hicho kama ruhusa.

Wala asili si kinga ya kila kitu. Mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD (kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao upo sana katika nchi za malaria kama yetu, akipakwa hina halisi kabisa damu yake inaweza kuvunjika. Msiwapake watoto wachanga. Mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kutoka kiwanda cha Wawi, Pemba, yanasaidia kukoza hina ya mikono, lakini ni matone machache kwenye koni nzima. Ukimimina, yanaunguza. Wanaotia mafuta ya taa sina la kuwaambia ila waache. Mkorogo nao siuingii leo, una zebaki na steroidi zake, na ngozi ya utu uzima ambayo tayari imekuwa nyembamba haina cha kuchubuliwa.

Basi mama mwenye mvi afanye nini? Akitaka kuziacha, aziache, na atakayemsema ajibiwe utu uzima dawa. Akitaka rangi, njia ipo.

Gramu 100 za hina ya unga iliyochekechwa zinatosha nywele fupi za shingoni. Za mabegani ni 200 na zaidi. Kanda kwa maji ya vuguvugu hadi iwe kama mtindi mzito. Ndimu ni nzuri kwa mikono, ila kichwani inakausha, hasa nywele za umri huu ambazo hazina mafuta yake tena, kwa hiyo ndimu moja inatosha, kilichobaki kiwe maji au chai ya rangi. Usitie maji yanayochemka, yanaua rangi. Funika. Kwa joto letu baada ya saa 3 hadi 6 weka tone kiganjani dakika 5, ulifute. Likiacha alama ya chungwa, imeiva. Isipoacha alama hata baada ya usiku mzima, hina hiyo ni kuukuu, rudisha dukani.

Nywele ziwe zimeoshwa, hazina mafuta hata chembe. Mafuta ya nazi ndiyo sababu kubwa ya watu kulalamika kwamba mvi zimekataa. Anzia mapanjani na kwenye mpaka wa paji, maana mvi za hapo ni ngumu na zinahitaji muda mrefu zaidi. Funga mfuko wa nailoni, juu yake mtandio, saa 3 hadi 4. Osha kwa maji matupu. Usihukumu rangi siku hiyo, itakuwa chungwa kali. Ngoja siku ya tatu. Mvi nyingine zitakataa hata ukifanya yote sawasawa, na hizo hupakwa tena baada ya wiki.

Anayetaka weusi bila PPD, kuna nili. Nasema nili ya majani, unga wa kijani uliosagwa kutoka mmea wa mnili. Sisemi nili ya kufulia! Ile ya bluu ya kung'arishia kanzu haishiki unywele na haina kazi kichwani. Nili hupakwa baada ya hina, kamwe si mahali pake, kwa sababu mvi isiyo na hina chini hubaki na kijani au buluu. Changanya na maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, bila ndimu, acha dakika 10 hadi 15, kisha paka haraka, kwani ikikaa inachoka. Saa 1 kwa kahawia ya giza, saa 2 kwa weusi. Usitie sabuni siku 2. Na soma kiboksi: kikiandikwa nili lakini kinakoza kila kitu kwa nusu saa peke yake, bila hina chini, hiyo ni piko imevishwa jina jingine.

Kazi yote inakula siku nzima, na mizizi inarudi baada ya wiki 4 hivi. Mwenye harusi Ijumaa apake hina Jumatatu na nili Jumanne, si Alhamisi usiku.