Kipi Kitangulie? Kupanga Muda kwa Vipaumbele Vyako

Wanawake wanaolima mwani Paje, Jambiani na Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, hawakai kujadiliana lini waende shamba. Bahari imeshaamua. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na vigingi vinavyofungiwa mwani vikaonekana. Siku za maji mafu, yasipopwa mbali, kazi hiyo haifanyiki vizuri. Hata saa ya kupwa haitulii, kila siku husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo soko, kufua, vikao vya kikundi na hata safari ya mjini hupangwa kufuata maji. Pemba wakati wa karafuu ni vivyo hivyo: zikiachwa mtini mpaka maua yafunguke, thamani yake imeshuka, na hakuna mwenye shamba anayesema atachuma akipata nafasi.

Mfanyakazi wa ofisini, mwanafunzi na mwenye duka Darajani, mjini Unguja, hawana maji ya kuwahimiza. Hapo ndipo siku inapopotea. Atakayewapangia ni yule anayepiga simu kwa sauti kubwa zaidi.

Agosti 1954, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alihutubia mjini Evanston na kunukuu maneno ya mtu aliyewahi kuongoza chuo: kwamba ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, ya haraka si muhimu, na ya muhimu kamwe si ya haraka. Amezidisha kidogo, kwani mtoto akipandwa na homa kali usiku, hilo ni la haraka na ni muhimu. Lakini tofauti yenyewe ni ya kweli. Ujumbe wa kundi la WhatsApp unataka jibu sasa hivi. Kupima presha hakukuiti. Kumalizia stashahada hakukuiti. Kuweka sawa karatasi za kiwanja cha familia wazee wakiwa hai hakukuiti pia, mpaka siku ya mirathi, ndugu wameshagombana, na jambo lililohitaji asubuhi mbili sasa linataka wakili.

Basi anza na hayo yasiyokuita. Chagua mawili au matatu kwa miezi mitatu ijayo, si kumi. Yape siku na saa kabla ya kuandika kingine chochote kwenye ratiba. Siku zetu tayari zimegawika kwa sala, nasi tunaitumia neema hiyo kidogo mno: muda baina ya alfajiri na kutoka kwenda kazini una utulivu ambao hutaupata tena mpaka usiku, ukiwa umeshachoka. Ukiutumia kusoma kurasa chache kila siku, simu ikiwa chumba chengine, mtihani hautakukuta mikono mitupu.

Kadiria muda kwa uaminifu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kudhani kazi itakwisha mapema kuliko inavyokwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu Kanada watamaliza lini tasnifu zao: kwa wastani walikisia siku 34, zikawachukua kama 55. Kwa hiyo usijiulize kazi itachukua muda gani. Jiulize mara iliyopita ilichukua muda gani, uandike huo.

Ushauri mwingi kutoka nje husema: jifunze kukataa. Kwetu hauingii moja kwa moja. Maziko hayasubiri, na jirani aliyefiwa hatuwezi kumwambia tuna ratiba. Ndiyo maana ninasisitiza kila wiki iachwe angalau nusu siku tupu. Msiba ukitokea, kazi iliyoahirishwa ina pa kuhamia. Harusi ni jambo jengine, kwa sababu tarehe yake inajulikana mapema. Sema mapema pia: “Shangazi, Jumamosi nitakuja kutwa kusaidia kukuna nazi na kuchagua mchele. Jumapili asubuhi nina mtihani, nitafika baada ya alasiri.” Shangazi akiambiwa wiki mbili kabla atakuombea dua. Akikukosa siku yenyewe bila taarifa, ana haki ya kukasirika.

Liko jambo linalonigusa zaidi. Hatuwezi kumfundisha binti kupanga vipaumbele ilhali saa zake zimeshagawiwa na wengine. Anarudi skuli, anachota maji, anapika, analea mdogo wake, anaosha vyombo mpaka baada ya isha, halafu tunamuuliza kwa nini hasomi. Kaka yake wa umri huohuo yuko barazani. Wazazi, kaeni na watoto jioni moja, muiandike ratiba ya nyumba nzima kwenye karatasi moja. Ikiandikwa kwamba binti anasoma baada ya magharibi, palepale liandikwe jina la atakayeosha vyombo saa hiyo.