APM ikiondolewa kwenye mfumo endeshi: maana yake nini?

Ukisoma kwamba mfumo endeshi fulani (kama Windows au Linux) umeacha kuhudumia APM (Advanced Power Management), utaratibu wa zamani wa kusimamia umeme wa kompyuta, maana yake watengenezaji wamefuta msimbo uliowezesha mfumo huo kuelewana na kompyuta mpakato za zamani kuhusu umeme: betri imebaki kiasi gani, skrini izimwe lini, mashine ilale vipi kifuniko kikifungwa. Hakuna anayeizima mashine yako kutoka mbali. Huduma hiyo hupotea pale tu utakapoweka toleo jipya.

APM ilibuniwa na Intel na Microsoft mwaka 1992, na toleo lake la mwisho, 1.2, lilitoka 1996. Katika mpango huo mwenye rungu alikuwa BIOS, programu ndogo inayowekwa ndani ya mashine kiwandani. Mfumo endeshi uliomba, BIOS ikatekeleza. Na mara nyingine BIOS iliamua yenyewe, mfumo usijue kilichotokea. Kila kiwanda kilikuwa na BIOS yake, na nyingi zilikuwa na kasoro. Ndiyo maana msimbo wa APM katika Linux umebeba orodha ya mashine za kushughulikiwa kwa namna ya pekee. Zimo Sony Vaio kadhaa ambazo hutaja dakika za betri zilizobaki huku baiti zake zikiwa zimepinduliwa, hivyo mfumo hulazimika kuzigeuza kwanza ndipo namba ilete maana. Napenda msomaji aione orodha hiyo jinsi ilivyo: ni kazi ya watu walioteseka na mashine moja moja ili mwenzao wa mbali asiteseke.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walileta ACPI (Advanced Configuration and Power Interface), utaratibu uliochukua nafasi ya APM, na mamlaka yakahama. Mashine sasa hutoa majedwali yanayoeleza vifaa vyake, na mfumo endeshi ndio unaoamua nani alale na nani aamke. Windows XP ilikuwa ya mwisho kwa upande wa Windows kuihudumia APM. Vista, toleo lililofuata, iliyofika kwa umma mwaka 2007, haikuwa nayo tena. Katika Linux, APM iliishia kwenye mfumo wa biti 32, aina ya zamani iliyotangulia ile ya biti 64, kwa kuwa BIOS hizo ziliandikwa kwa namna ambayo prosesa ikiwa katika hali ya biti 64 haiwezi kuziita.

Kwa nini msimbo usiachwe tu ukae? Kwa sababu kila sehemu ya mfumo inapobadilishwa, mtu anapaswa kuhakikisha APM haikuharibika, na ili ahakikishe anahitaji mashine ya miaka ya tisini iliyo hai. Mashine hizo zikikosekana, msimbo hubaki bila wa kuupima, nao una ruhusa za juu kabisa ndani ya kompyuta. Naona kuuondoa ni haki, mradi watu watangaziwe mapema na matoleo ya nyuma yaendelee kupatikana.

Kwa anayenunua mpakato wa mtumba hapa Dodoma, jambo hili lisimtie hofu. Mashine iliyotengenezwa miaka ya 2010 inatumia ACPI. Kama asilimia ya betri haionekani na fundi akakwambia mfumo mpya umeitupa kompyuta yako, mwombe kwanza aipime betri yenyewe na aangalie madereva, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuwasiliana na vifaa vya kompyuta. Kwenye Linux kuna kipimo chepesi: likiwepo kabrasha la /sys/firmware/acpi, mashine iko upande wa ACPI na APM haikuhusu.

Anayeguswa kweli ni yule mwenye kompyuta ya miaka ya tisini, labda iliyopelekwa kama msaada kwenye shule ya Bahi au Kongwa. Akiweka mfumo usio na APM itawaka na kufanya kazi, ila haitasoma betri, haitalala, na baada ya kufunga mfumo huenda ikamsubiri abonyeze swichi kwa mkono. Betri ya umri huo kwa kawaida imeshakufa, hivyo mashine inaishi kwenye soketi na hasara ni ndogo. Nashauri abaki na mfumo wake wa zamani, awafundishie wanafunzi kuchapa, na asiiunganishe na intaneti, maana mfumo huo haupati tena viraka vya usalama.