Je, wajua kwa nini kiti cha sofa cha bei nafuu hubonyea mapema, na ni kipi kinachofaa kununuliwa hata hivyo?

Mtu anayeanza maisha katika chumba na sebule cha kupanga jijini Dar es Salaam huwa amekwisha kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo kabla hajanunua hata ufagio, na ndipo anapotambua kwamba mgeni wake wa kwanza atakaa juu ya ndoo. Anakwenda Keko, kwenye safu za mafundi wa fenicha, na huko anakuta viti viwili vya sofa vya mtu mmoja mmoja vilivyofanana kwa rangi, kwa umbo la mikono na hata kwa vifungo vya mgongoni, lakini kimoja kinauzwa karibu nusu ya bei ya mwenzake. Anajaribu kile cha bei nafuu, kinampokea kwa ulaini unaomshangaza, naye analipa bila kuuliza zaidi. Kabla ya mwaka kwisha pana shimo katikati ya kiti, na anayekaa hapo huinuka kwa kujisukuma kwa mikono miwili kama anayetoka kwenye mtumbwi.

Ni rahisi kusema kwamba mnunuzi huyo alipunjwa, lakini si lazima iwe hivyo. Kiti kinaweza kubonyea mapema na bado kikawa kimenunuliwa kwa akili, ilimradi kilichobonyea ni kile kinachobadilishika. Ili kulielewa hilo inafaa kwanza kujua ni nini hasa kinachochoka ndani ya kiti.

Kinachochoka kwanza ni sponji. Sponji ya sofa na ya magodoro hutengenezwa kwa poliyurethani, familia ya plastiki iliyobuniwa nchini Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer pamoja na wenzake. Kemikali mbili huchanganywa pamoja na maji kidogo, mchanganyiko huo hutoa gesi ya kaboni dioksidi, nao huumuka kama unga wa maandazi hadi kuganda ukiwa na vishimo vidogo visivyohesabika. Zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wa kipande cha sponji ni hewa tupu. Kinachokubeba unapokaa ni kuta nyembamba za plastiki zinazozunguka vishimo hivyo. Kila unapokaa kuta hizo hupinda, na kila unapoinuka hujinyoosha, mpaka siku zinapoanza kupasuka moja moja au kubaki zimepinda. Shimo unaloliona katikati ya kiti ni jumla ya mipasuko hiyo mahali ambapo mifupa ya makalio hukandamiza zaidi.

Kadiri plastiki ilivyo nyingi ndani ya ujazo uleule ndivyo kuta zinavyokuwa imara zaidi, na kipimo chake ni uzito wa mita moja ya ujazo ya sponji. Sponji nyepesi ya kilo 16 au 18 kwa mita ya ujazo inatosha mgongoni, ambako mwili huegemea tu. Mahali pa kukalia panahitaji kilo 28 hadi 35 ikiwa kiti kitatumika kila siku. Kosa linalofanyika mara nyingi sana ni kuchanganya kipimo hiki na ugumu. Kiwanda kinaweza kubadilisha kemikali kidogo na kutoa sponji nyepesi iliyo ngumu, au nzito iliyo laini, kwa hiyo kubonyeza kwa kidole hakukuambii kiti kitadumu muda gani. Mizani inasema kweli zaidi. Mto wa kiti wenye upana wa sentimita 55, kina cha sentimita 55 na unene wa sentimita 12 utakuwa na sponji ya takriban gramu 650 ikiwa ni ya kilo 18, na kilo 1.1 hivi ikiwa ni ya kilo 30. Mto wenye zipu hutolewa sponji yake kwa dakika moja, na mizani ya duka la jirani inatosha kabisa kwa kazi hii, ingawa muuzaji anaweza kukutazama kwa mshangao.

Mizani nayo hudanganywa. Viwanda vingine huchanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito bila kuongeza plastiki, na unga huo haubebi mtu. Kinyume chake, huzifanya kuta ziwe dhaifu na zipasuke upesi. Sponji ya namna hiyo ukiisugua kwa nguvu pembeni huacha vumbi jeupe vidoleni, na ukiikandamiza kwa ngumi kwa nusu dakika huchelewa kurudi mahali pake.

Wakazi wa mwambao wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Maabara zinapotaka kujua sponji itachoka kiasi gani, njia mojawapo ni kuikandamiza mpaka nusu ya unene wake, kuiweka kwenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi kwa saa 22, kisha kupima ni sehemu gani ya unene haikurudi. Joto hutumika kwa sababu huharakisha uchovu huo, na unyevu nao hushambulia polepole viungo vya kemikali vya plastiki yenyewe. Sebule ya Tanga au Mombasa isiyo na kiyoyozi haifiki nyuzi 70, lakini ina joto na unyevu mwaka mzima, na sponji dhaifu huonyesha udhaifu wake huko upesi kuliko Njombe.

Chini ya sponji pana kitu cha pili ambacho wanunuzi wachache hukiuliza. Kiti kizuri huwa na springi za waya uliokunjwa kwa kupindapinda, au mikanda ya mpira iliyosukwa na kukazwa, ili sehemu ya uzito ichukuliwe na kitu kinachonepa. Kiti duni huwa na kipande cha plaiwudi kilichopigiliwa misumari, au gunia la plastiki lililovutwa na kubanwa kwa pini. Juu ya plaiwudi sponji hubeba mzigo wote peke yake, ikibanwa kati ya mtu na ubao, na hata sponji bora huchoka mapema ikiwekwa katika hali hiyo. Ndiyo maana ulaini wa dukani si ushahidi wa chochote: sponji mpya nyepesi juu ya plaiwudi ni laini siku ya kwanza kuliko siku nyingine yoyote.

Wazee wetu hawakuwa na sponji, lakini tatizo hili walilijua vizuri. Kitanda cha kamba hulegea, na kila aliyelala juu yake anajua kwamba kamba hukazwa upya, au husukwa nyingine, na kitanda kikaendelea kuitwa kilekile. Kiti cha enzi cha Lamu na miji jirani, kile cha mpingo chenye mapambo ya pembe, kina mahali pa kukalia palipofumwa kwa nyuzi. Nyuzi huchakaa zikafumwa nyingine, na mbao zikapita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Sehemu inayobeba mwili huchakaa daima, iwe kamba, nyuzi au sponji. Kwa hiyo mnunuzi wa kiti cha bei nafuu afanye vyema kuiacha sponji kwanza na kuuliza fremu iliyofichwa chini ya kitambaa ina uwezo wa kuzika sponji ngapi.

Fremu nyingi za sofa za bei nafuu nchini Tanzania ni za paini, na mbao za paini na mkaratusi hutoka kwa wingi katika mashamba ya miti ya nyanda za juu kusini, likiwemo shamba kubwa la serikali la Sao Hill wilayani Mufindi. Watu huidharau paini wakiilinganisha na mninga au mkongo, na kwa meza inayoonekana wana haki, kwa kuwa uzuri wa mninga hauna mfano. Kwa fremu iliyofunikwa kitambaa, naona dharau hiyo inawapotezea watu fedha. Paini iliyokauka vizuri hubeba mtu bila shida. Tatizo ni ubichi. Ubao uliochanwa juzi na kupigiliwa leo bado una maji mengi, na utaendelea kukauka ukiwa tayari sebuleni kwako. Ubao unapokauka haufupiki kwa kiwango cha kuonekana, bali husinyaa kwa upana na kwa unene, kwa hiyo ulimi uliochongwa na kuingizwa katika tundu husinyaa ndani ya tundu lake, msumari hupoteza mshiko, na kiti huanza kulia kila unapojigeuza. Hakuna sponji mpya inayoweza kukinyamazisha kiti cha namna hiyo.

Baada ya ubichi kuna viungo. Misumari peke yake kwenye pembe za fremu ni dalili mbaya. Gundi pamoja na skurubu ni afadhali, na kipande cha ubao cha pembe tatu kilichofungwa ndani ya kila kona ni dalili kwamba fundi alifikiria mtu atakayekaa juu ya mkono wa kiti, jambo ambalo wageni wote hulifanya. Fremu za mbao za unga uliogandishwa kwa gundi hazifai kabisa katika sehemu zinazobeba uzito, kwa sababu skurubu ikishang'oka humo hairudi. Maboksi ya karatasi yaliyotandazwa mgongoni na ubavuni ili kitambaa kinyooke ni jambo la kawaida na halina ubaya, mradi hayachukui nafasi ya ubao.

Haya yote yanaweza kukaguliwa bila kuchana kitambaa. Shika mguu mmoja wa mbele na uuinue kama sentimita 15 kutoka sakafuni: ikiwa mguu wa pili wa mbele umefuata mara moja, fremu ni kitu kimoja, ikiwa umebaki chini huku kiti kikijipinda, viungo vimelegea tangu dukani. Kisha kipindue kiti na uombe kitambaa cheusi cha chini kifunguliwe upande mmoja. Ni pini chache tu, na fundi asiyekuwa na la kuficha huzirudisha kwa dakika mbili. Angalia kama kuna vijitundu vidogo vyenye unga laini kama wa sembe, ambavyo ni kazi ya wadudu watoboao mbao. Gusa ubao: mbichi huwa wa baridi na mzito kuliko ulivyotarajia. Anayenunua Keko moja kwa moja ana bahati ambayo mnunuzi wa dukani hana, kwa sababu fremu tupu huwa zimepangwa nje kabla hazijavalishwa, na anaweza kuchagua mifupa kwanza, kitambaa baadaye.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme kiti cha shilingi 350,000 kina sponji nzuri na fremu nzuri, nacho kinadumu miaka saba. Kila mwezi kimekugharimu shilingi 4,200 hivi. Tuseme kingine cha shilingi 180,000 kina fremu mbovu na kinatupwa baada ya miezi 18. Hicho kimekula shilingi 10,000 kwa mwezi, na gharama ya kukitupa juu. Lakini cha tatu, cha shilingi 180,000 vilevile, kina fremu nzuri na sponji hafifu. Ukibadilisha sponji yake mara mbili kwa shilingi 45,000 kila mara, na kikafika miaka sita, jumla ni shilingi 270,000, yaani shilingi 3,750 kwa mwezi. Kiti hiki cha tatu ndicho kinachomfaa mpangaji wa kwanza, na sababu kubwa kuliko hata unafuu wenyewe ni kwamba gharama zake huja kidogo kidogo, wakati ambapo mfuko umeanza kupata nguvu.

Siri hiyohiyo iko katika kiti cha bei nafuu mashuhuri cha IKEA, kampuni ya fenicha ya Uswidi, kiitwacho Poäng, kilichobuniwa na Mjapani Noboru Nakamura na kuanza kuuzwa mwaka 1976: fremu yake ni tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa na kupindwa, nazo ndizo zinazonepa, huku mto ukiwa kitu cha pembeni kinachonunuliwa upya peke yake.

Kiti cha mtumba kinaweza kuwa na fremu bora kuliko vyote vilivyotajwa hapa, lakini kabla hakijavuka kizingiti chako kagua mishono na mikunjo yake kwa tochi, kwa sababu kunguni huacha vidoa vyeusi huko na huweza kuishi miezi kadhaa bila kula. Kuhusu kitambaa sina mengi: ngozi bandia ya bei ya chini hunata mgongoni wakati wa joto na baada ya muda hubanduka magamba, kwa hiyo kitambaa cha kufumwa ni chaguo la busara zaidi, na mto uwe na zipu. Upana wa mlango upimwe kabla ya kulipia kirikuu cha kubebea mzigo, na kona ya ngazi pia, kwani mikono minene ya kiti huongeza sentimita 20 au zaidi ambazo hazikusaidii kukaa.

Siku ya kulipa, mwombe fundi akukatie karatasi ngumu yenye umbo kamili la mto wa kiti, na aandike juu yake unene wa sponji. Ihifadhi pamoja na mkataba wa nyumba. Sponji itakapochoka, hutalazimika kukodi gari la kurudisha kiti Keko. Utabeba karatasi hiyo kwenye daladala hadi kwa muuza sponji, na kurudi na sponji mpya iliyokunjwa kwapani.