Okidi Hainyonyi Mti: Dhana Potofu Zinazomaliza Maua Yetu

Nilikuta mzee mmoja pembezoni mwa msitu wa Amani, Usambara Mashariki, anakwangua okidi kwenye mfenesi wake kwa panga. Chini palikuwa na rundo la kujaza kikapu, nyingine zina vitumba vya maua vilivyobakiza siku chache tu vifunguke. Nikamwamkia, nikauliza kulikoni. “Nausafisha mti, mwanangu. Hawa kupe wanaufyonza.”

Jibu hilo nimelisikia kwa wakulima wa karafuu na iliki, kwa wageni ninaowatembeza msituni, hata kwa watu waliosomea kilimo. Nimelichoka, kwa sababu kila linaporudiwa kuna panga linainuliwa mahali.

Okidi hainyonyi mti. Mnyonyaji ni kirukia: mbegu yake huachwa na ndege juu ya tawi, ikaota, ikapenyeza mzizi ndani ya gome mpaka kwenye mbao. Kata tawi pale kirukia kilipoota, utaona uvimbe, na mbao zake zimeshikana na za mti. Okidi haina kiungo cha namna hiyo. Nilimwomba mzee tuchunguze pamoja. Tukabandua mzizi mmoja taratibu kwa kucha. Ukatoka na vumbi la gome la nje tu, chini yake gome zima, halina tundu. Na mfenesi hauwezi kuficha jeraha, kwani ukiuchubua kidogo tu unatoa utomvu mweupe. Utomvu ulikuwepo kweli, unachuruzika pale panga lilipopita. Kwenye mizizi ya okidi hapakuwa na hata tone.

Zinakula nini basi? Nikamimina maji ya chupa juu ya mzizi uliokuwa mweupe kama chokaa. Mbele ya macho yake ukageuka kijani. Ule weupe ni ganda laini kama sponji, linafyonza mvua na ukungu pamoja na madini yanayotiririka kutoka kwenye majani yaliyooza na vumbi. Kijani kilicho ndani kinatengeneza chakula kwa mwanga, kama jani. Zipo okidi za jamii ya Microcoelia zisizo na majani kabisa. Mizizi yao ndiyo inayofanya kazi hiyo yote.

Najua hoja inayofuata: mbona mti wenye okidi nyingi hauzai vizuri? Kwa sababu umezeeka. Gome lake limekuwa la kukwaruza, linashika unyevu na mbegu. Matawi yamepungua, mwanga unaingia. Okidi zimefuata uzee, hazikuuleta. Ninachokubali ni kimoja: fundo kubwa la Ansellia africana juu ya tawi lililooza linaweza kulivunja kwa uzito. Hapo ondoa fundo, usilitupe. Zile za mzee tulizifunga upya kwa kamba za mgomba kwenye matawi yaleyale, upande usiochomwa na jua la mchana. Kamba itaoza yenyewe, na kufikia hapo mizizi itakuwa imeshika.

Mengine nayapitia haraka. Eti okidi ni ua la kigeni: za dukani nyingi ni machotara ya Phalaenopsis yenye asili ya Asia, lakini hiyo Ansellia, ya njano yenye madoa ya kahawia, ni ya Afrika. Eti hazina harufu: njoo usiku. Aerangis ni nyeupe na hunukia gizani, kwa sababu anayemwita ni nondo mwenye ulimi mrefu wa kufikia asali iliyo mwisho wa mrija wa ua. Eti “nachukua moja tu”: mbegu zake ni kama unga, hazina akiba ya chakula, bila fangasi wake hazioti, na mche huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Zaidi ya hayo, familia nzima ya okidi imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali.

Wengine hudhani okidi zote hukaa mitini. Waende Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kule Disa na Satyrium huota ardhini katikati ya nyasi, na kati ya Desemba na Aprili ndiyo wakati wa kuziona. Hapo nako kuna uongo wake, kwamba ukichimba kiazi cha okidi kitachipua tena. Mmea una viazi viwili: cha zamani kinachosinyaa, na kipya kigumu cha msimu ujao. Wachimbaji wanaopeleka Zambia kwa chakula kiitwacho chikanda wanataka kile kigumu. Kikiondoka, mmea umekufa.

Anayetaka kuziona Amani asianze kwa kukodolea macho vilele vya miti. Apite njiani asubuhi baada ya usiku wa upepo, akague kila tawi lililoanguka. Mara nyingi nimeonyesha watu Polystachya ya kimo cha kidole, ua lake limegeuka juu chini, kwenye tawi ambalo wenzao walikuwa wamelikalia kupumzika.