Anza na pabu, kisha chora njia

Watu wanaotaka niwaongoze matembezi ya mashambani Uingereza huniuliza kwanza njia ina kilomita ngapi. Mimi naanza na pabu, yaani baa ya kijijini. Ndiyo inayoamua tutembee siku gani na tuteremkie upande upi wa kilima.

Sababu ni bia yenyewe. Bia ya pipani, ile inayovutwa kwa pampu ya mkono kutoka stoo ya chini, hufika pabu ikiwa na hamira hai na huendelea kuchacha humo humo ndani ya pipa. Haisukumwi kwa gesi. Kila glasi inayotoka, hewa inaingia mahali pake, kwa hiyo pipa likishafunguliwa mwenye pabu ana kama siku tatu tu kabla ladha haijaharibika. Aliyekulia Moshi kwenye mbege hahitaji maelezo zaidi.

Sasa piga hesabu. Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72, na painti moja ni zaidi kidogo ya nusu lita. Wanakijiji wachache wataimaliza lini? Wanaoimaliza ni watembeaji wa Jumamosi. Ndiyo maana pabu iliyo kwenye njia ya miguu huwa na bia iliyochangamka, na ndiyo maana nikikuta pampu nane, yaani mapipa manane yaliyofunguliwa, kwenye kijiji chenye nyumba chache naingiwa na wasiwasi. Mbili au tatu zinatosha. Jumatatu siendi: nyingine zimefunga, nyingine zinauza kiporo cha wikiendi.

Mfano ninaoupenda ni Edale, Derbyshire, kwenye reli ya Manchester na Sheffield. Nasema reli kwa makusudi. Gari liache nyumbani. Hapo kijijini kuna Old Nags Head, mahali inapoanzia Pennine Way, njia ya maili 268 iliyofunguliwa 1965. Tunaiacha bila kuingia. Kupanda Hollins Cross, kwenye mgongo wa kilima kati ya Edale na Castleton, ukiwa na painti mbili tumboni ni kujitesa.

Ukiwa juu ya mgongo wa kilima, geuka utazame kaskazini. Kule ng'ambo ya bonde ni Kinder Scout, ambako Aprili 1932 mamia ya watembeaji walipanda ardhi iliyofungiwa umma, na watano wakafungwa jela. Mwaka 1951 eneo hili, Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Bia nayo ilipiganiwa: CAMRA, chama cha kutetea bia ya pipani, ilianzishwa 1971 na watu wanne waliochoshwa na bia za gesi za viwanda vikubwa.

Baada ya kilele cha Mam Tor, mita 517, tunashuka kwa barabara ya zamani iliyofungwa 1979 kwa sababu kilima hakiachi kuporomoka. Lami imepasuka tabaka juu ya tabaka, kipande kimoja kimezama, cha pili kimeinuka, na mstari mweupe wa katikati bado unaonekana ukikatika ghafla. Hapo watu huchelewa kwa kupiga picha. Nawaharakisha, kwa kuwa majiko mengi ya pabu hufungwa mchana baada ya chakula.

Kijiji cha Castleton, chini ya kilima, kina pabu nyingi. Kung'uta matope mlangoni, uliza viatu na mbwa wanaruhusiwa chumba gani. Usikae ukisubiri mhudumu. Agiza na ulipe kaunta. Kwenye kundi watu hununuliana kwa zamu, hivyo kama unakunywa nusu painti au chai, sema mapema. Wageni wangu wa Dar hulalamika kwamba wamepewa bia ya moto. Si ya moto, ni nyuzi 11 hadi 13, na ikipozwa zaidi ya hapo ladha ya shayiri inapotea. Ikinuka siki, irudishe kwa upole. Pabu ya maana itakubadilishia bila ubishi.

Asiyekula nyama aulize kwanza. Bia nyingi za pipani husafishwa kwa dawa inayotokana na mabondo ya samaki, kiungo kile kile kinachouzwa ghali Mwanza.

Kutoka hapo fuata kijito cha Peakshole Water hadi kijiji cha Hope, njia tambarare. Stesheni iko nje ya kijiji, mwendo wa robo saa hivi, na treni hazifuatani karibu karibu. Angalia ratiba kabla ya kuagiza painti ya mwisho.