Kiti cha Wilaya ya 13: Barack Obama kabla ya dunia kumjua

Fomu ya wadhamini ni karatasi ya kawaida tu. Ina mistari, na kila mstari una nafasi ya jina, sahihi na anwani ya mpiga kura anayekudhamini. Mwaka 1996, aliyetaka kugombea useneta wa jimbo la Illinois katika wilaya ya 13, upande wa kusini wa jiji la Chicago, alihitaji wadhamini wasiopungua 757. Seneta aliyekuwa akikikalia kiti hicho, Bi. Alice Palmer, alipeleka sahihi 1,580, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Zilipelekwa ofisi ya uchaguzi Desemba 1995, na katikati ya Januari alikuwa amejitoa.

Aliyemwekea pingamizi alikuwa wakili wa miaka 34 ambaye hajawahi kushika cheo chochote cha kuchaguliwa. Jina lake Barack Obama.

Tunapofundisha elimu ya mpiga kura, habari za Obama huletwa na washiriki wenyewe, na karibu kila mara huanzia Novemba 2008 alipochaguliwa kuwa rais. Mimi huwarudisha nyuma, kwenye miaka yake minane katika bunge la jimbo mjini Springfield. Anayetaka kujua uchaguzi unavyoamuliwa atajifunza mengi zaidi huko, kwa sababu kila hatua ambayo kwa kawaida hatuitazami, yaani fomu, kura za maoni na mipaka, ilimgusa yeye mwenyewe. Safari nyingine ilimbeba, safari nyingine ilimwangusha.

Neno moja kwanza ili tusipotezane. Kwa Mtanzania jimbo ni eneo la mbunge. Hapa jimbo ni Illinois nzima, na eneo la seneta mmoja nitaliita wilaya. Na anayesikia "seneta wa jimbo" asidhani ni diwani mwenye cheo kikubwa. Bunge la jimbo Marekani linatunga sheria za jinai, linapanga fedha za shule, linasimamia bima na hospitali, na katika majimbo mengi, Illinois ikiwemo, ndilo linalochora hata mipaka ya wabunge wanaokwenda Washington. Illinois ina maseneta 59 na wawakilishi 118. Mtu akishtakiwa kwa mauaji Chicago, kwa kawaida sheria inayomhukumu ni ya Springfield.

Turudi 1995. Mbunge wa eneo hilo huko Washington, Mel Reynolds, alikuwa ameshtakiwa mahakamani, na baadaye mwaka huohuo alitiwa hatiani na kujiuzulu. Bi. Palmer alikuwa ameshaamua kugombea nafasi yake, na kiti chake cha Springfield kikaonekana kitakuwa wazi. Obama alikuwa anafundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura jijini humo. Tarehe 19 Septemba 1995 alitangaza nia katika hoteli moja ya mtaa wa Hyde Park, na aliyesimama kumtambulisha kwa wageni alikuwa Palmer mwenyewe.

Novemba mambo yakageuka. Katika kura za maoni za kumrithi Reynolds, Jesse Jackson Jr. alishinda, Emil Jones akawa wa pili, na Palmer akaambulia nafasi ya tatu kwa takribani asilimia 10. Likumbuke jina la Emil Jones, tutalihitaji mbele. Wafuasi wa Palmer wakamwendea Obama wakimwomba ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Akakataa. Alisema neno lilishatolewa, na yeye ameshakusanya watu na fedha kwa kulitegemea neno hilo. Palmer akaingia mtaani kutafuta wadhamini akiwa amebakiwa na siku chache sana.

Hapo ndipo kazi ya karatasi ilipoanza. Watu wa Obama walikaa ofisi ya uchaguzi ya Chicago wakilinganisha mstari kwa mstari: jina hili limo kwenye daftari la wapiga kura au halimo? Anwani hii iko ndani ya wilaya ya 13, au ni ya upande wa pili wa barabara, wilaya nyingine? Mwingine alikuwa ameandika jina lake kwa herufi za kuchapa mahali panapotakiwa sahihi, na mstari huo ukapingwa. Fikiria mama amesimama mlangoni kwake, baridi ya Desemba inapiga, amepewa kalamu, anaandika jina vizuri lisomeke. Ni mpiga kura halali wa wilaya hiyo, na mstari wake bado unaweza kufutwa. Sahihi zilizokusanywa kwa haraka ndizo huwa na makosa ya namna hii, na za Palmer zilikusanywa kwa haraka.

Pingamizi halikuishia kwa Palmer. Wagombea wengine watatu nao waliwekewa pingamizi, na hakuna aliyebaki. Machi 1996 Obama alipita kura za maoni za chama cha Democratic bila kupingwa.

Nimeulizwa mara nyingi kama hiyo ilikuwa haki. Kisheria ilikuwa haki, na sharti la wadhamini lina sababu yake: linazuia majina ya kubuni na wagombea wasio na mtu nyuma yao. Lakini siwezi kuwaficha kwamba matokeo yake yananisumbua. Wilaya hiyo ilikuwa ngome ya Democratic, kwa hiyo uamuzi halisi ulikuwa kura za maoni za Machi, na Machi mpiga kura alikuta jina moja. Msomaji wa Tanzania, anayejua maana ya mgombea kuenguliwa na mwenzake kupita bila kupingwa, haelezwi zaidi. Tofauti moja ni ya kuzingatia: pale Chicago aliyeweka pingamizi alitakiwa kuonyesha kosa la kila mstari, na aliyepingwa alikuwa na nafasi ya kujibu mstari huohuo. Kazi yote ilifanyika juu ya daftari ambalo pande zote mbili zingeweza kulifungua.

Novemba 1996 yeyote anayetazama namba tupu ataona ushindi mkubwa: Obama asilimia 82, mgombea wa chama kidogo chenye jina la aliyekuwa meya, Harold Washington, karibu asilimia 13, na wa Republican asilimia 5. Aliapishwa Januari 1997. Mwaka 1998 alirudi kwa asilimia 89. Kwa nini miaka miwili tu? Kwa sababu viti vya seneti Illinois havina muda sawa. Katika kila miaka kumi, wilaya nyingine huanza na kipindi cha miaka miwili kisha minne na minne, nyingine hupangwa vinginevyo, ili baraza lisibadilike lote kwa siku moja. Uchaguzi wa 1998 ulimpa miaka minne, jambo litakalomwokoa baadaye.

Ndani ya bunge alikuwa upande wa wachache. Republican walishika seneti, na muswada wa mpinzani uliweza kufia kwenye kamati bila hata kujadiliwa. Hata hivyo mwaka 1998 alishiriki kupitisha sheria ya maadili iliyobana zawadi kwa wanasiasa, akishirikiana na maseneta wa upande wa pili. Kuna kitu kingine cha miaka hiyo ambacho wapinzani wake walikuja kukitumia sana. Kwenye meza ya seneta wa Illinois kuna vitufe vitatu: ndiyo, hapana, na "nipo". Obama alibonyeza "nipo" mara 129 hivi, katika kura zipatazo 4,000. Waliosema alikwepa wana hoja. Lakini muswada unahitaji kura 30 za ndiyo katika baraza la watu 59, kwa hiyo "nipo" haiupunguzii muswada mzigo hata kidogo, na matokeo yake ni yaleyale ya hapana. Vyama viliitumia kwa mpango, kumkinga seneta asije akatangazwa kwenye vipeperushi kuwa alipinga jambo fulani. Anayehesabu kura za mbunge wake bila kujua kanuni za baraza anaweza kumsifu au kumlaumu kwa kitu ambacho hakukifanya.

Mwaka 2000 Obama alijaribu kuruka. Alikwenda kumpinga Bobby Rush, mbunge wa Washington tangu 1993, mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi, pale Chicago. Rush alikuwa ametoka kushindwa vibaya na meya Daley katika uchaguzi wa umeya wa Chicago mwaka 1999, na Obama akadhani mzee amechoka. Hakuwa amechoka. Oktoba 1999 mtoto wa kiume wa Rush alipigwa risasi akafa, na mitaa yote ikasimama naye kwenye msiba. Miezi miwili baadaye Springfield ilipiga kura juu ya muswada wa kudhibiti silaha, ukaanguka kwa kura chache, na Obama hakuwepo. Alikuwa Hawaii na familia, binti yake Malia, bado mtoto mchanga, akiumwa. Mzazi yeyote atamwelewa, ila mpiga kura aliyezika jirani yake hakuwa na subira ya kusikiliza maelezo. Kisha Rais Clinton akatoa tangazo la redio kumuunga mkono Rush.

Matokeo ya 21 Machi 2000: Rush asilimia 61, Obama asilimia 30, seneta mwenzake Donne Trotter asilimia 7. Aliachwa mara mbili na ushee, na hiyo ndiyo mara pekee Obama alikosa nafasi aliyoigombea. Lakini kile kipindi cha miaka minne kilikuwa bado kinaendelea. Asubuhi ya pili yake alikuwa bado seneta wa wilaya ya 13.

Sasa tufike kwenye ramani, sehemu ambayo ningeomba isomwe taratibu. Kila baada ya sensa ya miaka kumi mipaka ya wilaya huchorwa upya. Katiba ya Illinois inasema vyama vikishindwa kukubaliana, inaundwa tume yenye watu sawa kila upande, na ikikwama, mjumbe wa mwisho anapatikana kwa bahati nasibu. Majina mawili, la kila chama moja, linachomolewa mojawapo. Septemba 2001 likachomolewa jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago, wa Democratic. Kwa kipande kimoja cha karatasi, chama kilichokuwa kikilalamika kikapata kalamu ya kuchora jimbo zima kwa miaka kumi.

Obama alikuwa ameshajiandaa. Mwaka huohuo wa 2001 aliingia kwenye chumba kimoja cha jengo la Stratton mjini Springfield, chumba cha kufuli za namba na alama za vidole, walimoruhusiwa wafanyakazi wachache tu wa chama. Humo alikaa mbele ya kompyuta na mtaalamu wa ramani wakichora wilaya ambayo ingemfaa. Wilaya ya zamani ilikwenda magharibi, kwenye mitaa maskini ya Waafrika wa Marekani. Mpya ilibaki na Hyde Park, ikapanda kaskazini kandokando ya ziwa Michigan hadi katikati ya jiji na mitaa ya matajiri. Ilibaki na Weusi wengi, lakini sasa ilikuwa pia na watu wenye fedha, vyombo vya habari na ofisi kubwa, watu ambao mgombea wa jimbo zima angewahitaji. Tumezoea kusema mpiga kura humchagua kiongozi. Katika chumba kile kiongozi aliwachagua wapiga kura wake, na sheria ilimruhusu. Novemba 2002 alirudi bila mpinzani.

Ramani hiyohiyo iliipa Democratic viti 32 kati ya 59. Januari 2003 rais mpya wa seneti akawa Emil Jones, yule aliyekuwa wa pili siku ile Palmer alipokuwa wa tatu. Jones alimkabidhi Obama uenyekiti wa kamati ya afya na miswada mizito. Mmoja ulitaka polisi warekodi kwa video mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa na aibu nzito: watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wameonekana baadaye hawakustahili hukumu hiyo. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga muswada. Obama alikaa nao kikao baada ya kikao, wakibadilisha kifungu hiki na kile, mpaka seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora ya useneta wake, na haikupatikana jukwaani.

Machi 2004 aligombea useneta wa Washington. Kura za maoni Illinois hupigwa na wananchi wa kawaida, si wajumbe wa mkutano. Unafika kituoni, unaomba karatasi ya chama unachotaka. Wagombea walikuwa saba, na Obama akapata asilimia 53. Novemba akashinda kwa asilimia 70 dhidi ya 27 za Alan Keyes wa Republican.

Akaachia kiti cha wilaya ya 13 siku chache baada ya ushindi huo. Kwetu kungeitishwa uchaguzi mdogo. Illinois nafasi kama hiyo hujazwa na viongozi wa chama wa wilaya husika, na mwezi huohuo wakamteua wakili Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Alice Palmer naye, mwaka 1991, aliingia kwa uteuzi wa namna hiyohiyo baada ya seneta aliyemtangulia kuondoka. Kwa Raoul kama kwa Palmer, wapiga kura wa wilaya ya 13 hawakuitwa vituoni kuchagua wa kujaza nafasi, waliarifiwa.